Nyumba Isiyo na Mwenyeji

Mwaka 1331, Ibn Battuta, msafiri mashuhuri mzaliwa wa Tanja katika nchi ya Moroko, alipotia nanga Mogadishu katika safari yake ya kushuka pwani hii hadi Mombasa na Kilwa, aliona ada moja ambayo hakuacha kuisimulia kwa urefu: kwamba jahazi likifika bandarini vijana wa mji hulikabili kwa mashua, kila mmoja amechukua chombo cha chakula kilichofunikwa, akakiweka mbele ya mmoja wa wafanyabiashara waliomo na kutangaza kuwa huyo ndiye mgeni wake, na tangu saa ile mfanyabiashara haendi kulala katika nyumba nyingine isipokuwa ya kijana yule, ila awe ni mtu aliyekwisha kuuzoea mji na mwenye watu wake humo. Yeye mwenyewe, kwa kuwa alikuwa mwanachuoni, alipokewa na kadhi. Sultani akampelekea tambuu, popoo na maji ya waridi. Akapewa malazi katika nyumba ya wanafunzi wa elimu, akaandaliwa wali wa samli wenye kitoweo cha kuku, nyama, samaki na mboga, pamoja na ndizi mbichi zilizopikwa kwa maziwa, achari ya ndimu na ya pilipili, tangawizi mbichi na maembe.

Wapenzi wa mambo ya kale hupenda kuitaja habari hii kuwa ushahidi wa zama ambazo ukarimu ulitolewa bure, fedha ikiwa haijaingia kati ya mgeni na mwenyeji na kuharibu mapenzi yao. Lakini msafiri yule yule aeleza jambo ambalo wao hulipita haraka, nalo ni kwamba mwenyeji ndiye aliyemwuzia mgeni bidhaa zake na kumnunulia alizozihitaji, na kwamba mtu aliyenunua kitu kwa mgeni kwa bei ya kumpunja, au aliyemwuzia mgeni kitu bila mwenyeji wake kuwapo, biashara yake ilihesabiwa kuwa batili. Kumbe chombo kile kilichofunikwa kilikuwa na faida nyuma yake, na kijana aliyepiga makasia kulifuata jahazi hakuwa akitafuta thawabu peke yake. Ilikuwa biashara, ila ilikuwa biashara yenye mtu. Chakula kikichelewa au mzigo ukipungua, mgeni alijua ni mlango gani wa kubisha, na mji mzima ulijua ni nani wa kutahayari.

Nimeitanguliza habari hii kwa sababu malalamiko ya wageni wa hoteli na wa karamu, ambayo siku hizi hayakosekani barazani, ndani ya basi wala katika simu za watu, aghalabu huelekezwa pasipo mahali pake. Husemwa kuwa vijana wa leo hawana adabu, au kuwa watu wa mji fulani ni wavivu kwa tabia, au kuwa tamaa ya mali imeua utu. Mimi sioni hivyo, maana fedha ilikuwapo tangu hapo. Kilichopungua ni mwenyeji: tumejenga nyumba za ghorofa nyingi zenye watumishi wa kila sare, na tumeandaa karamu zenye kamati na kamati ndogo, lakini mgeni aingiapo hapati hata mtu mmoja mwenye mamlaka ya kumpokea na dhima ya kumridhisha.

"Ngoja meneja aje"

Niliwahi kufika usiku katika hoteli moja ya pwani, chumba nimekwisha kukilipia siku kadhaa nyuma na risiti ninayo katika simu. Kijana wa mapokezi, mwenye shati lililopigwa pasi na sauti ya upole, alilitafuta jina langu katika kompyuta asilione, akalitafuta katika daftari asilione, kisha akaniomba nikae kitini wakati akimpigia meneja. Meneja alikuwa amelala na simu yake imezimwa. Nyuma ya mabega ya kijana yule palikuwa na ubao wa funguo, na funguo zilizoning'inia juu yake zilikuwa nyingi, maana mvua za masika zilikuwa zikinyesha na wageni walikuwa haba. Vyumba vilikuwa vitupu, vitanda vimetandikwa, mgeni amelipa, na mtu aliyeweza kuzifikia funguo kwa kunyosha mkono hakuwa na ruhusa ya kutoa hata ufunguo mmoja. Aliniletea chai kwa hiari yake, akaniomba radhi mara nyingi kuliko nilivyotaka, na usoni mwake niliona haya ya kweli. Mtu kama huyo hawezi kuitwa mkosefu wa adabu. Amebebeshwa aibu ya tajiri wake bila kupewa uwezo wa tajiri wake.

Zipime ila nyingi za hoteli zetu kwa kipimo hicho, utaona jinsi zinavyokubaliana. Bomba la maji ya moto latoa upepo, na mhudumu aitwapo asema maji yanakuja, na baada ya saa nzima asema tena yanakuja. Wala hasemi hivyo kwa kupenda uongo, bali kwa sababu fundi haitwi bila idhini, pampu haiwashwi bila idhini, na kumhamishia mgeni chumba kingine ni jambo lisilo katika uwezo wa zamu ya usiku. Asubuhi mgeni ateremka saa 2 kwenda kufungua kinywa, akute mayai yamekwisha kwa kuwa ukumbini mna semina na watu wa semina wametangulia. Mayai mengine yapo stoo, lakini ufunguo wa stoo uko kwa mtunza stoo, na mtunza stoo bado yumo katika daladala. Rimoti ya kiyoyozi yafungiwa mapokezi. Jenereta lipo uani, ila dizeli hutolewa kwa saini, na mwenye saini amesafiri. Kila kitu kipo, kimenunuliwa na kimelipiwa, na kila kitu kimefungwa mbali na mkono wa yule ambaye mgeni anamwona.

Kisha huja siku ya kuondoka na fedheha yake, ambayo wasafiri wa kwetu waijua sana. Umekwisha kulipa hesabu yako yote, mzigo uko mlangoni, gari lakungoja nje, nawe waambiwa usubiri kidogo. Mara wasikia simu ikipigwa ghorofani na sauti ya kike ikijibu kwa kuhesabu: taulo mbili zipo, rimoti ipo, birika lipo, kandambili zipo. Mgeni hujiona ametuhumiwa wizi hadharani, na wageni wengine waliosimama karibu hugeuza nyuso zao kwa kumstahi. Lakini katika nyumba nyingi taulo ikipotea hukatwa katika mshahara wa msafishaji wa chumba, na glasi ikivunjika hukatwa katika mshahara wa mhudumu wa meza. Basi yule mama aliyemo chumbani akihesabu kwa haraka hailindi mali ya hoteli, aulinda unga wa watoto wake. Tajiri ameichukua hasara ndogo ambayo kila biashara hupaswa kuihesabu katika gharama zake, akaitua juu ya bega la aliye maskini kuliko wote katika nyumba ile, na kwa kuokoa bei ya taulo amemfukuza mgeni ambaye angerudi kila mwaka pamoja na jamaa zake.

Waliohudumu na waliohudumiwa

Mpango huu wa kumnyima mtumishi uamuzi una asili yake. Hoteli kubwa za kwanza za nchi zetu zilijengwa kwa ajili ya watu wengine. Norfolk ya Nairobi ilifunguliwa siku ya Krismasi ya mwaka 1904, miaka mitano tu baada ya reli kufika mahali pale, ikawa makao ya walowezi na wawindaji. Na kwa miongo mingi iliyofuata, katika hoteli na vilabu vya namna ile, Mwafrika aliingia kwa mlango wa jikoni, amevaa kanzu nyeupe, akaitwa boi hata kichwa chake kikiwa kimejaa mvi. Alifundishwa kutii, kunyamaza na kutembea bila kusikika. Hakufundishwa kuamua, kwa kuwa uamuzi ulikuwa wa Mzungu aliyeketi ofisini, na mtumishi aliyethubutu kumfanyia mgeni jambo kwa rai yake mwenyewe alihesabiwa kuwa amevuka mpaka.

Uhuru ulipokuja, ubaguzi uliondolewa mlangoni, lakini mtindo wa ndani ulibaki karibu kama ulivyokuwa, amri ikitoka juu na lawama ikishuka chini. Tanzania, baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, hoteli kubwa nyingi zilikuwa mikononi mwa mashirika ya umma, na tajiri akageuka kuwa faili. Na katika miaka ya dhiki iliyofuata vita vya Kagera vya 1978 na 1979, sukari na sabuni zilipokuwa adimu hata madukani, mgeni aliyepewa orodha ndefu ya vyakula alizoea kusikia kuwa kila alichokitaja hakipo, mpaka yeye mwenyewe akauliza ni kipi kilichopo. Wengi wetu tuliokulia katika miaka hiyo tulijifunza kuingia hotelini na matumaini madogo, na jambo hilo limewafaa sana wenye hoteli waliokuja baadaye.

Wala si kweli kwamba elimu ya kazi hii haikutafutwa. Kenya ilianzisha Chuo cha Utalii mwaka 1975 kwa msaada wa Uswisi, kikiwa na hoteli yake ambamo wanafunzi hujifunza kwa kuwahudumia wageni halisi. Dar es Salaam kuna Chuo cha Taifa cha Utalii. Na Unguja mafunzo hayo hutolewa Maruhubi chini ya Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar. Wako vijana wetu wanaofanya kazi katika hoteli za Dubai na Doha, wakasifiwa huko na wageni wa mataifa yote, nao ni ndugu wa baba na mama mmoja na hawa tunaowalaumu hapa. Kama kasoro ingekuwa katika damu, bahari isingeweza kuiosha.

Lakini elimu huhitaji makazi. Mwezi wa Aprili na wa Mei, masika yakipamba, hoteli nyingi za ufukweni katika Unguja na pwani ya Kenya hufunga milango au hupunguza watu, na vibarua hurudi makwao bila ujira. Msimu ukirejea huchukuliwa wengine wapya, wakavishwa sare Jumatatu na kusimamishwa mbele ya mgeni Jumanne. Mtu anayejua kuwa ataachishwa kazi mvua ya kwanza ikinyesha, hana sababu ya kuiona nyumba ile kuwa yake, na asiyeiona nyumba kuwa yake hawezi kumkaribisha mtu ndani yake.

Hapa pana dhuluma nyingine ambayo msafiri wa kwetu huionja kwa uchungu zaidi. Aingiapo katika hoteli ya kitalii pamoja na mgeni wa ng'ambo, huona tabasamu likimpita juu ya bega likaenda kumtua aliye nyuma yake. Huulizwa kama amepotea njia, au kama ni dereva wa msafara. Na kwa muda mrefu alitajiwa bei kwa dola katika nchi yake mwenyewe, mpaka mwaka 2025 serikali ya Tanzania ilipotoa kanuni za kukataza bidhaa na huduma za ndani kutajwa na kulipwa kwa fedha za kigeni. Kanuni hugeuza bei, lakini haigeuzi jicho. Mhudumu amefunzwa na nyumba yake kuwa mgeni wa ng'ambo ndiye mwenye kuandika sifa na kuacha bahashishi, na kwamba huyu wa kwetu atavumilia. Mgeni yule wa ng'ambo hupumzika siku chache akaenda zake, wala si lazima arudi. Huyu wa kwetu ndiye ambaye angeijaza hoteli ile siku za masika, kama angaliitwa vizuri.

Karamu ya wengi

Tukiacha hoteli tukaingia katika kumbi za sherehe, tutamkuta mwenyeji amepotea kwa njia nyingine. Katika miji ya Tanzania harusi nyingi siku hizi hufanywa kwa michango: huundwa kamati, huchaguliwa mwenyekiti na mweka hazina, watu hutoa ahadi, na mwenye kuchelewa kutimiza ahadi yake hukumbushwa kwa ujumbe wa simu asubuhi na jioni mpaka atoe. Mpango huu una heri nyingi, maana huwawezesha vijana wasio na mali kuoana kwa heshima, na huifanya furaha ya nyumba moja kuwa furaha ya mtaa. Shughuli ni watu, walisema wahenga, na watu hawa hutoka jasho kweli. Lakini mgeni wa karamu hiyo ni kiumbe wa ajabu, kwa sababu amekwisha kuilipia karamu kabla ya kuiona. Yeye ni mwalikwa na ni mwalikaji pia, na pale ambapo kila mtu ni mwenyeji kwa kiasi cha mchango wake, hatokei mtu wa kusimama mlangoni akasema karibuni.

Kadi yasema saa 12 jioni, na mgeni mwenye adabu za kizamani hufika saa 12, akakuta viti vingali vikivishwa vitambaa. Maharusi huingia saa 3 usiku kwa matarumbeta. Kisha hufuata utambulisho wa kamati, utambulisho wa koo mbili, kukata keki, kulishana keki, kupeleka keki kwa wazazi, kufungua shampeni, kuletwa ndafu kwa ngoma, na katikati ya yote mpiga video na taa zake husimama mbele ya waalikwa kiasi kwamba wao huiona harusi kwa mgongo wake. Saa 5 mshereheshaji huanza kuziita meza kwa zamu kwenda kuchukua chakula, meza kuu ikitangulia, na hapo ndipo ukweli wa bajeti hudhihirika: mpishi amelipwa kwa hesabu ya sahani, kamati imepunguza sahani ili kuongeza mapambo, lakini kadi zimetolewa kwa kila aliyechanga, na kadi ya watu wawili mara nyingi huingiza watatu. Mgawa nyama husimama nyuma ya bafe na koleo lake, akampa kila mtu kipande kimoja; meza za mbele zipate kuku, za katikati zipate mchuzi wa kuku, na za nyuma zipate wali na pole. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, na meza kuu imeketi mbali sana na mlango.

Nilihudhuria karamu moja ya namna hii ambamo mzee mmoja wa makamo, aliyesafiri kutoka mkoani, alikosa chakula yeye na mkewe. Alimwuliza mhudumu wa ukumbi, akajibiwa kuwa chakula ni cha mpishi; alimwuliza mpishi, akajibiwa kuwa hesabu ya sahani ilitolewa na kamati; alimwendea mwanakamati, akajibiwa kuwa jambo hilo liko kwa mtu wa kamati ndogo ya chakula, na mtu huyo hakuonekana. Hakuna aliyemtukana wala aliyemdharau. Kila mmoja alimpa jibu la kweli, na majibu yote ya kweli yakijumlishwa yalikuwa ni kwamba mzee yule na mkewe walale na njaa.

Linganisha na shughuli ya kawaida ya mwambao, ambamo wageni hukalishwa mkekani wanne au watano kwa sinia moja, wakaletewa birika na beseni la kunawia, na watu wa nyumba wakasimama kando bila kutia tonge kinywani hadi wageni wawe wamekwisha kula. Sinia likipungua, mmoja wao huliona na kuleta nyongeza bila kuombwa, kwa maana kazi yake usiku ule ni kuona. Sisemi hivi ili kuitukuza kale kupita haki yake. Katika karamu za zamani za pwani daraja za watu zilikuwa kali, waungwana walikaa mbele na watumwa walisimama nyuma, na kushindana kwa karamu kulizifilisi nyumba zisizo chache. Lakini ada moja yafaa kuokolewa katika yale yaliyostahili kufa, nayo ni kuwa mwenye shughuli hakuweza kuikimbia shughuli yake: aliyekosa chakula alikwenda kwake moja kwa moja, naye aliona ni afadhali akose yeye.

Semina na mikutano ya mahotelini ina ugonjwa huo huo, wala haina haja ya maneno mengi. Mwenye mkutano adhani hoteli itashughulikia kipaza sauti, hoteli yadhani mwenye mkutano amekuja na chake, na washiriki huketi mbele ya ukuta mweupe usio na picha mpaka chai ya saa 4 iwaokoe.

Staha inayoficha maradhi

Yako makosa yetu pia sisi wageni. Malezi yetu hutufundisha kumstahi aliyetupokea, kula kilicholetwa na kushukuru, na kutozitaja kasoro za nyumba ya mtu tukiwa ndani yake. Katika nyumba ya jamaa hiyo ni muruwa mkubwa. Lakini mtu anayelipa hoteli, akaulizwa wakati wa kuondoka kama mambo yalikuwa mazuri, akajibu kuwa yalikuwa mazuri sana na hali usiku kucha aliumwa na mbu kwa sababu neti ilikuwa imetoboka, hakumsitiri mtu yeyote. Amemnyima mwenye hoteli habari ambayo ingemponya, amemwachia mgeni anayefuata mbu wale wale, kisha akifika kwake huandika katika simu maneno makali ambayo hakuwa na ujasiri wa kuyasema kwa upole akiwa mbele ya mtu mwenye uwezo wa kubadili neti.

Na wako wengine waliovuka mpaka kwa upande wa pili. Hawa huanza kwa kelele, humwuliza kijana wa mapokezi kama anawajua wao ni nani, na humtishia kazi yake kwa kosa ambalo hakulitenda wala hana uwezo wa kulirekebisha. Mtaalamu wa elimu ya jamii wa Marekani, Arlie Hochschild, katika kitabu alichokitoa mwaka 1983 baada ya kuwachunguza wahudumu wa ndege, alieleza kuwa kutabasamu kwa ujira ni kazi kamili yenye kuchosha nafsi, kama vile kubeba mizigo kunavyochosha mgongo. Anayemdai mhudumu tabasamu na huku akimvunjia heshima humtoza kazi mara mbili kwa ujira mmoja.

Mamlaka yashuke chini

Dawa ya maradhi haya imekwisha kujaribiwa mahali pengine, na yaweza kupimwa kwa hesabu. Mwaka 1989 hoteli za Hampton Inn za Marekani zilitoa dhamana kwamba mgeni asiyeridhika halipi usiku ule, na neno lililoipa dhamana hiyo nguvu ni kwamba mfanyakazi yeyote, hata msafishaji wa chumba, aliruhusiwa kuitimiza bila kumngoja mkubwa wake. Hoteli za Ritz-Carlton zilijulikana kwa kumruhusu mtumishi kutumia hadi dola 2,000 kumtengenezea mgeni mmoja jambo lililoharibika. Na mwaka 1990 wasomi watatu, Christopher Hart, James Heskett na Earl Sasser, waliandika katika jarida la Harvard Business Review kuwa makosa katika huduma hayaepukiki kabisa, ila mgeni kuondoka na kinyongo kwaweza kuepukwa, ikiwa aliye karibu naye amepewa uwezo wa kuyatengeneza papo hapo.

Mwenye hoteli wa kwetu atasema kuwa dola 2,000 ni mtaji wake wa msimu, na kwamba akiruhusu hayo ataibiwa. Hofu yake haikosi msingi, lakini hakuna anayemtaka afungue sanduku. Aweke kiasi kidogo, tuseme bei ya usiku mmoja wa chumba cha kawaida, ambacho mtu wa zamu aweza kukisamehe kwa kuandika sababu yake katika daftari; ampe mtu huyo ufunguo wa stoo na wa jenereta; akome kukata mishahara kwa taulo na glasi, na badala yake asome daftari lile kila wiki ili ajue ni bomba gani linalomlia fedha. Akimkuta mwongo, amwondoe yeye mmoja, asiwafunge mikono wote kwa ajili yake. Atagundua kuwa zinazosamehewa kwa haki ni chache kuliko zilizokuwa zikipotea kimya kimya kwa wageni wasiorudi.

Na kamati za harusi zifanye lililo jepesi zaidi: zimteue mtu mmoja, asiye mpambe wala mwanakamati wa fedha, ambaye usiku ule haketi meza kuu wala hachezi, jina lake litangazwe na mshereheshaji tangu mwanzo, na sahani kadhaa ziwekwe chini ya amri yake kabla ya bafe kufunguliwa. Gharama yake ni ndogo kuliko ya vitambaa vya viti.

Sheria nayo ipo kwa yule aliyedhulumiwa kabisa. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika ibara ya 46, inampa mlaji haki ya kupata bidhaa na huduma zenye ubora unaostahili. Tanzania, Tume ya Ushindani iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2003 ina wajibu wa kumlinda mlaji. Lakini sheria ni njia ndefu kwa mtu aliyekosa maji ya kuoga alfajiri na ana mkutano saa 3.

Kwake yeye nina shauri fupi zaidi. Kabla ya kulipa, asiulize kama chumba kina kiyoyozi na kama intaneti ina kasi, maana hayo atajibiwa ndiyo kila mahali. Aulize ni nani katika nyumba hii, likitokea jambo usiku wa manane, mwenye ruhusa ya kuamua. Akitajiwa jina la mtu aliye zamu, alipe na kulala kwa amani. Akiambiwa kuwa meneja hufika saa 3 asubuhi, ashukuru kwa adabu, achukue mkoba wake, na kujaribu nyumba ya pili.